Injini ndogo: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma

Juma hili nataka tuzungumze juu ya skrubu moja ndogo iliyo ubavuni mwa kabureta. Kichwa chake hakizidi punje ya hindi. Lakini ikikazwa kupita kiasi kwa robo ya mzunguko tu, mashine iliyonunuliwa kwa akiba ya miezi mingi inaweza kufa kabla jua halijafika utosini. Hapa Njombe na Makambako, ambako miti ndiyo shamba, ndiyo benki na ndiyo ada ya shule, jambo hilo si dogo.

Nitaanzia mbali kidogo, kwenye mchezo. Wako watu katika Ulaya, Marekani na Japani wanaoshindana kwa vigari vidogo vinavyoongozwa kwa mawimbi ya redio. Usifikirie vile vya plastiki vinavyokwenda kwa betri za tochi. Hivi ninavyovisema vina injini ya kweli, yenye silinda, pistoni, kabureta na ekzosi, nayo inanguruma na kutoa moshi. Ujazo wa injini hiyo mara nyingi ni kati ya cc 2 na cc 3.5, yaani silinda yake haijazi hata kijiko cha chai. Pikipiki ya bodaboda ya cc 125 inaizidi kwa zaidi ya mara thelathini na tano. Hata hivyo injini hiyo ndogo huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika moja. Dereva wake, ambaye aghalabu ni mtu mzima mwenye ndevu, husimama jukwaani na kifaa cha redio mkononi, macho yakifuata kigari uwanjani.

Injini hiyo haili petroli. Chakula chake ni methanoli, ambayo ni alkoholi yenye sumu isiyofaa kunywewa hata tone, iliyochanganywa na kitu kiitwacho nitromethani. Nitromethani mara nyingi huwa kati ya sehemu 10 na 30 katika mia, na ndiyo iliyoipa injini jina la naitro. Humo humo hutiwa oili, iwe ya kiwandani au ya mafuta ya nyonyo. Plagi yake nayo haitoi cheche. Ndani yake mna waya mwembamba wa platinamu, ambao hupashwa moto kwa betri wakati wa kuwasha tu. Baada ya hapo betri huondolewa, na waya unaendelea kuwa mwekundu kwa joto la mwako na kwa namna platinamu inavyokutana na methanoli. Plagi za namna hiyo ziliingizwa sokoni na Mmarekani Ray Arden mwaka 1947, na mpaka leo hazijapata mbadala ulio mwepesi kama zenyewe.

Sasa sikiliza kiini cha mambo. Katika gari la kawaida, oili ina hifadhi yake chini ya injini, nawe unaipima kwa kijiti asubuhi kabla ya safari. Petroli ikipungua, oili iko pale pale. Injini ndogo ya mipigo miwili haina hifadhi hiyo. Oili yake yote inakuja pamoja na mafuta inayoyachoma. Inapita tumboni mwa injini, inalainisha beringi na pistoni, kisha inatoka na moshi. Kwa hiyo ukiipunguzia injini hiyo mafuta, umeipunguzia na oili. Chakula chake na dawa yake viko katika sahani moja.

Kuna na jambo la pili. Mafuta yanapogeuka kuwa mvuke ndani ya injini huchukua joto, kama spiriti inavyokupa ubaridi daktari anapokupaka kabla ya sindano. Methanoli hufanya hivyo sana. Tena injini hiyo huinywa kwa wingi: kilo moja ya petroli inahitaji kama kilo 14.7 za hewa ili iungue yote, lakini kilo moja ya methanoli inatosheka na kilo 6.5 hivi. Hivyo hewa ile ile inayotosha petroli kilo moja inadai methanoli zaidi ya kilo mbili. Mafuta hayo yote yanapita humo yakipoza. Ukiyabana, unaondoa ulainisho na ubaridi kwa wakati mmoja.

Mafundi wa vigari huipa injini hali mbili. Mimi nitaziita injini iliyoshiba na injini yenye njaa. Iliyoshiba ina mafuta mengi kuliko hewa. Utaiona inatoa moshi, inachelewa kuitikia unapoipa resi, sauti yake ni nzito, na plagi yake ikifunguliwa ina masizi na unyevu. Yenye njaa ina hewa nyingi kuliko mafuta. Hiyo moshi wake unatoweka, sauti inakuwa nyembamba na kali, resi zinapanda, na ukiachia mafuta inakawia kurudi kwenye sailensa.

Na hapa ndipo ulipo mtego. Injini inapoanza kubanwa mafuta, kwanza inachangamka. Inakimbia vizuri kuliko jana, haitoi moshi, inatumia mafuta kidogo. Mwenye nayo anamsifu fundi. Kumbe joto linapanda, utando wa oili unakonda, na pistoni ya aluminiamu inatanuka mpaka inaanza kukwaruza ukuta wa silinda. Mara sauti inashuka, injini inakwama. Uzuri ule alioufurahia ndio uliokuwa dalili ya mwisho.

Kwa sababu hiyo wachezaji wa vigari wamejijengea nidhamu tatu, nazo zinanivutia kuliko mbio zenyewe.

Nidhamu ya kwanza ni kuanzia kwenye shibe. Injini huwashwa ikiwa imefunguliwa mafuta mengi, ikapashwa moto, kisha sindano kuu ya kabureta inakazwa kidogo kidogo, nusu ya robo ya mzunguko kila mara. Baada ya kila mkazo, kigari kinazungushwa uwanjani na kusikilizwa. Hawakazi mara mbili kabla ya kusikiliza mara moja.

Nidhamu ya pili ni kupima joto. Wenye kipimajoto hutaka kichwa cha silinda kiwe mara nyingi kati ya nyuzi 100 na 120 hivi za Selsiasi, kutegemea injini na hali ya hewa. Asiye na kipimajoto hudondosha tone la maji juu ya kichwa cha silinda. Tone likichemka polepole kwa sekunde chache, mambo ni shwari. Likitoweka papo hapo kama limedondokea kikaango, mafuta yaongezwe haraka.

Nidhamu ya tatu ni kukubali kwamba kipimo cha asubuhi si cha mchana. Hewa ya baridi ni nzito, na ndani ya pumzi ile ile moja mna hewa nyingi zaidi. Hewa ya joto ni nyepesi. Injini iliyopangwa vizuri adhuhuri ina njaa alfajiri ya siku inayofuata. Kwa hiyo mchezaji hurudia kupanga kila hali inapobadilika, na akimaliza huiacha injini imeshiba kidogo kuliko inavyotamani. Uzi mwembamba wa moshi nyuma ya kigari kwake ni habari njema.

Utaniuliza, ndugu msikilizaji, vigari hivyo vinatuhusu nini sisi? Vinatuhusu kwa sababu ndugu wa damu wa injini hiyo yumo mabegani mwa vijana wetu kila asubuhi. Ni msumeno wa moto, ambao wengi hapa tunauita chenso. Tangu Tanganyika Wattle Company ianze kazi ya miwati Njombe mwaka 1949, mkoa huu umeishi kwa miti ya kupandwa. Leo ni mipaini na mikaratusi katika vilima vingi, mali ya wakulima wa hapa na pia ya watu waliopo Dar es Salaam, ambao huja kuona mashamba yao mara moja au mbili kwa mwaka. Miti hiyo haianguki kwa maombi. Inaangushwa kwa chenso.

Chenso hutumia petroli, na plagi yake inatoa cheche. Lakini nayo ni injini ya mipigo miwili, haina hifadhi ya oili, na kabureta yake ina skrubu zile zile kwa kazi zile zile. Mara nyingi utakuta herufi H, ya mafuta ya mwendo mkubwa; L, ya mwendo mdogo; na skrubu ya tatu ya sailensa, yenye T au LA. Ukizungusha H au L kufuata mwendo wa mkono wa saa, unabana mafuta. Ukirudisha nyuma, unafungua.

Tuufuate sasa msumeno mmoja kutoka dukani. Unanunuliwa Kariakoo, karibu kabisa na usawa wa bahari. Unawashwa mbele ya mteja, unalia vizuri, unafungwa kwenye boksi na kupakiwa basi. Kesho yake uko Makambako, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Jioni uko Njombe, karibu mita 2,000. Hapa hewa ina uzito pungufu kwa karibu sehemu 20 katika mia ukilinganisha na ile ya Dar es Salaam. Ndiyo maana mgeni akikimbia kidogo hapa mjini anahema.

Injini nayo inahema, lakini ina tatizo ambalo mwanadamu hana. Kabureta haijui kupima uzito wa hewa. Inaona upepo tu ukipita kooni mwake, na upepo huo unavuta mafuta. Hewa inapokuwa nyepesi mvuto wake nao unapungua, ila mafuta hayapungui kwa kiasi kile kile. Hewa ikipungua kwa sehemu 20 katika mia, mafuta hupungua kwa sehemu kama 10 tu. Matokeo yake msumeno uliopangwa pwani ukifika Njombe unakuwa umeshiba kupita kiasi. Unatoa moshi, unazimika kwenye sailensa, unasinzia ndani ya gogo. Kijana anampelekea fundi, na fundi, kwa haki kabisa, anakaza skrubu ya H kidogo. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Kosa huanzia hatua ya pili. Baada ya kukazwa, msumeno unafanya kazi vizuri, ila bado hauna nguvu zile ulizokuwa nazo pwani. Mwenye mali anasema, "Kaza tena, bado haujachanganya." Ndugu zangu, nguvu hizo zilizobaki hazimo kwenye skrubu. Zilibaki Dar es Salaam pamoja na hewa yake. Injini isiyo na kifaa cha kusukumiwa hewa hupoteza kama sehemu 10 katika mia za nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Katika kimo cha Njombe karibu sehemu moja ya tano imekwenda, na bisibisi haiwezi kuirudisha. Anayeendelea kukaza akitafuta nguvu ambazo hazipo anaishia kuibana oili ambayo ipo.

Hatua ya tatu ndiyo ya hatari zaidi. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Msumeno umekwisha kupangwa sawasawa kwa hewa ya Njombe. Inakuja kazi Ludewa. Labda ni kusafisha eneo upande wa Mchuchuma, kwenye makaa ya mawe ya bonde la Ruhuhu, au ni kupasua mbao chini kabisa, Manda, kando ya Ziwa Nyasa. Ziwa hilo liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kutoka Njombe mpaka ziwani ni mteremko wa mita karibu 1,500. Huko chini hewa ni nzito kwa sehemu kama 15 katika mia kuliko ya Njombe, na mafuta, kama tulivyokwisha kuona, hayaongezeki kwa kiasi hicho hicho. Msumeno uliokuwa sawa juu unakuwa na njaa chini. Hakuna aliyegusa skrubu. Mlima peke yake ndio ulioikaza.

Angalia tofauti ya safari hizo mbili. Kupanda na msumeno usiopangwa upya kunakugharimu moshi, plagi chafu na petroli ya ziada. Ni hasara, lakini unaiona kwa macho na kuinusa kwa pua. Kushuka nao bila kuupanga upya kunakugharimu pistoni na silinda, na dalili zake zinafanana na uzima: unalia vizuri, hautoi moshi, unapanda resi upesi. Mwendeshaji anasema joto la ziwani limeufaa. Siku ya pili umenoki.

Hapo ndipo linapokuja suala la nani analipa. Mara nyingi mwenye msumeno si mwendeshaji. Mwenye mali yuko mjini, kijana yuko porini na analipwa kwa mti au kwa ubao. Injini ikikwama, neno la kwanza kwenye simu ni hili: "Umeuchoma, hukutia oili." Kijana anakatwa malipo, pengine anafukuzwa, na sifa ya kuua mashine inamfuata kijiji mpaka kijiji. Lakini pistoni iliyokwaruzwa inaonekana karibu vile vile, iwe kijana alisahau oili, au fundi alikaza mno, au tajiri aliagiza petroli ibanwe, au msumeno ulishushwa mita 1,500 bila kupangwa. Naomba waajiri walifikirie hilo kabla ya kutoa hukumu kwa simu. Aliyeagiza skrubu ikazwe ili kuokoa petroli hana haki ya kumdai kijana bei ya silinda.

Kuna mambo mengine yanayowafanya watu waiguse skrubu wakati ugonjwa uko mahali pengine. Mimi si fundi, lakini kila fundi makini niliyekaa naye katika nyanda hizi ameniambia jambo lile lile: bisibisi iwe ya mwisho kutoka kwenye mfuko wa vifaa.

Kwanza, chujio la hewa. Unga wa mbao za mipaini unaliziba haraka. Likiziba, hewa inapungua, na injini inaonekana imeshiba. Asiyejua anabana mafuta ili yalingane na hewa hiyo haba. Wiki ijayo mwingine analisafisha chujio, hewa inarudi yote, na injini inabaki na njaa kali. Chujio lisafishwe kwanza, ndipo kabureta iguswe.

Pili, mnyororo butu. Msumeno wenye meno butu unalazimishwa kwa mikono, unatoa unga badala ya vipande, na mwendeshaji anadhani injini imechoka. Kumbe inataka tupa, si bisibisi.

Tatu, mpira uliopasuka. Kati ya kabureta na silinda kuna kipande cha mpira, na pembeni mwa shafti kuna sili. Vikichakaa, injini inavuta hewa ya pembeni ambayo kabureta haikuipitisha. Sailensa inapanda na kushuka yenyewe, na ukipanga leo, kesho imeharibika. Ugonjwa huo hautibiwi kwa skrubu hata ukeshe. Spea ibadilishwe.

Nne, oili yenyewe. Kitabu cha mashine ndicho kinachotoa kipimo. Kwa misumeno mingi ya siku hizi, ikitumia oili nzuri ya mipigo miwili, kipimo ni sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Kwa dumu la lita 5 hiyo ni mililita 100. Mahali panapotakiwa moja kwa 25, ni mililita 200 kwa dumu hilo hilo. Chupa tupu ya dawa ya kikohozi ya mililita 100, ikioshwa na kukaushwa, ni kipimo cha uhakika kuliko jicho la mtu yeyote. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari isiingie humo kamwe. Na mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usitumike.

Lazima niongeze hapa jambo moja ambalo wengi hulichanganya. Wako wanaokaza skrubu, kisha wanazidisha oili kwenye dumu wakidhani wamefidia. Hawajafidia. Oili ikizidi katika dumu, petroli inayopita kwenye tundu lile lile inapungua, na injini inazidi kuona njaa. Skrubu ina kazi yake, na oili ina yake.

Baada ya yote hayo kuwa sawa, ndipo ije skrubu, na utaratibu ni ule ule wa wachezaji wa vigari. Anza na shibe. Ukishuka kwenda ziwani, fungua H kwa nusu ya robo ya mzunguko kabla hata ya kuwasha, si baada ya kusikia injini ikilia. Pasha injini moto kwa kukata magogo madogo dakika chache. Panga L mpaka iitikie bila kusita, kisha skrubu ya sailensa, halafu H ije mwisho. Ukiupa msumeno resi zote hewani kwa sekunde mbili tatu, bila kukata kitu, sauti yake haitakiwi kuwa laini. Inatakiwa iwe na kigugumizi, kama mtu anayeongea huku mdomo umejaa ugali. Ukiuingiza ndani ya gogo, kigugumizi kinatoweka na sauti inanyooka. Hiyo ndiyo injini iliyoshiba kwa kiasi chake. Ikilia nyembamba na safi hewani, bila kigugumizi chochote, iachie mara moja na ufungue mafuta. Mwenye kipimo cha mizunguko na kitabu cha mashine avitumie, maana sikio nalo linachoka, hasa la mtu afanyaye kazi bila vizibo vya masikio.

Na kwenye sailensa mnyororo usimame kabisa. Mnyororo unaotembea wakati kidole hakijagusa mafuta unangoja paja la mtu. Punguza sailensa, na kama bado unatembea, msumeno urudi kwa fundi kabla ya kurudi porini.

Ipo misumeno mipya ya viwanda kama Stihl na Husqvarna yenye kompyuta ndogo inayopanga mafuta yenyewe kadiri hewa inavyobadilika. Hiyo inapunguza balaa la mlima. Lakini chujio bado linaziba, mpira bado unapasuka, na oili bado inatiwa kwa mkono wa binadamu. Isitoshe, misumeno mingi iliyoko mikononi mwa vijana wetu ni ile ya skrubu, na itaendelea kuwa nasi kwa muda mrefu.

Linalonishangaza, ndugu msikilizaji, ni hili. Mchezaji wa kigari, ambaye injini yake ikifa atakosa burudani ya Jumamosi, anaipanga upya asubuhi na mchana. Sisi, ambao injini ikifa mtoto anarudishwa nyumbani kwa ada, tunaipanga siku ya kuinunua na siku ya kuizika. Hatuhitaji mitambo ya gharama kubwa kubadili hali hiyo. Tunahitaji bisibisi ndogo, sikio lisilo na haraka, na tajiri anayekubali kwamba moshi kidogo ni bei ya uhai wa mashine yake.

Kwa hiyo wewe uliye mjini, ambaye msumeno wako unafanya kazi mbali na macho yako, usimuulize kijana anatumia lita ngapi tu. Muulize pia yuko juu au yuko chini, chujio lilisafishwa lini, na skrubu iliguswa na nani. Na akikuambia anashuka Ludewa, mwambie afungue mafuta kabla hajawasha.

Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa. Kwaherini.